Kikohozi cha Punda

Baba Zaituni,

Nakuandikia kwa sababu humu ndani hakuna wa kugombana naye. Eda imekwisha. Walikuja wakanikogesha, wakanifukiza udi, wakala wali wakaondoka, nami nikabaki naitazama fulana yako pale msumarini.

Zaituni wetu alivuka mpaka wa nchi kutoka Mtwara kuja kunichukua. "Mama, uza televisheni, funga hilo banda la video. Hapa Mosimboa unakaa na nani?" Chai bado napika ya watu wawili, halafu namwaga. Nikamwambia anipe mpaka Ijumaa.

Alhamisi, chuo cha Kurani kimefungwa, watoto wakaja kugonga. Wanamtaka punda wao, yule wa katuni ya zamani, nyeusi na nyeupe, mwenye kofia, anayeng'ang'ania kuendesha meli ya watu. Ile nakala uliyoinunua sokoni ilikuwa bubu tangu siku ya kwanza, ukasema basi, sauti utatia wewe. Hata tulipokimbia vita uliibeba ile fleshi yenye katuni kifuani, sufuria ukaziacha. Nilikununia njia nzima.

Nikawafungulia, nikashika kipaza sauti chako. Mimi siwezi, Baba Zaituni. Nilisema, "Punda anapanda melini," sauti kavu kama nasoma tangazo la serikali. Hakuna aliyecheka. Nikakiweka chini, nikasema moyoni, afadhali Mtwara.

Picha ikaendelea kimya kimya mpaka pale punda anapotumbukia majini. Unakumbuka, hapo siku zote pumzi ilikuwa inakuishia. Unakohoa, na mimi huku nyuma nakupigia kelele, "Kunywa maji, bwana!" Basi punda akatumbukia, na banda zima likakohoa. Wote, hata wale wadogo. Kikohozi chako kilekile, kirefu, na ule mkwaruzo wa mwisho uliokuwa unaumeza. Halafu mmoja akapaza sauti, "Kunywa maji, bwana!" wakavunjika mbavu. Wao wanajua ndivyo filamu ilivyo. Kikohozi kilichokuua, mume wangu, wanadhani ni cha punda.

Nilijifunika kanga nikalia. Nilikuwa sijakisikia tangu alfajiri ile ulipokata roho.

Zaituni amerudi kwake peke yake, amenuna. Kununa amerithi kwangu, nitamlaumu vipi? Sikudanganyi, upweke haujapungua. Nyumba imekuwa kubwa mno, na upande wako wa kitanda sijaugusa. Ila banda siuzi. Kipaza sauti nacho sitakishika tena, watoto wanayajua maneno yako kuliko mimi. Nitakaa palepale nyuma, mahali pangu, na gilasi ya maji nitaijaza niiweke karibu.

Pumzika sasa, Baba Zaituni. Mola akulaze pema, kifua kisikuume tena. Na Alhamisi ukikohoa, mimi nipo.

Mama Zaituni