Gia ya Meno Ishirini na Nane

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimepangusa cheni kwa mafuta ya taa. Nimetia grisi. Breki inashika. Kila Jumatatu ni hivyo: baiskeli katikati ya sebule, mimi chini kwenye mkeka, miguu yangu pembeni kama mizigo ya muntu mwingine. Baiskeli ya kuzungusha kwa mikono ina magurudumu matatu. Ni mengi kwa muntu mmoja.

Leo ni mara ya kwanza bila Salima. Mdogo wangu ameolewa Bugarama, kwa mkulima wa mpunga. Miaka tisa alinisukuma kutoka daraja la mpakani, Rusizi II, mpaka hapa Kamembe. Nimemfurahia. Uongo. Nimekasirika.

Jumanne, tarehe 4
Kushuka na nyanya za kuuza ng'ambo, Bukavu, si neno, mteremko unanibeba. Kurudi ndiyo kazi. Mlima umenishinda kona ya kwanza, nikakaza breki. Maman Furaha, yule anayevusha mawese, akatua bidon lake, dumu zima la mafuta, akanisukuma hadi juu, kisha akarudi chini kulifuata. Njia nzima anaongea. Batoto bake, mume wake, jino lake linalomuuma.

"Zuhura, unakulaka nini? Uko muzito!" Akacheka. Mimi sikucheka.

Sitaki kuwa kazi ya muntu.

Jumatano, tarehe 5
Fundi wa sokoni amenipa gia ya meno ishirini na nane. Ameitoa kwenye baiskeli iliyokufa. Yangu ya kwenye tairi ina meno kumi na nane tu. Meno yakiwa mengi pale chini, mkono unakuwa mwepesi na mwendo unakuwa wa kinyonga. Sawa tu. Sina haraka, nina hasira.

Nimefunga mwenyewe. Ile ya zamani iligoma kutoka, nikapiga nyundo, nikajipiga kidole, nikatukana. Astaghfirullah. Kumbe na cheni imekuwa fupi. Nimeunga viungo sita vya cheni kuukuu: nati chini, msumari butu juu, nyundo, pini inaingia. Zamani Salima ndiye alikuwa anashika nati. Leo nimeibandika sakafuni kwa kipande cha sabuni. Imeteleza mara tatu.

Alhamisi, tarehe 6
Aibu.

Asubuhi pale mpakani nilisema mbele ya bamaman bote, wauzaji wenzangu, Maman Furaha akiwepo: "Leo asinishike muntu!" Kwa sauti kubwa. Wakati wa kurudi, katikati ya mlima, cheni imekatika. Baiskeli ikaanza kurudi nyuma, na nyuma kuna lori linapiga honi. Breki ikashika, alhamdulillah. Moyo haukushika. Maman Furaha akaja, akasukuma. Hakusema neno. Yeye! Kimya mpaka juu. Hilo limeniuma kuliko cheni.

Nyumbani nimetafuta kosa. Ni langu. Pini moja niliigonga ikapitiliza, kiungo kikawa kigumu, hakikunjiki. Nimeitoa, nimeirudisha taratibu, nimekikunja kiungo kwa vidole mpaka kikalegea.

Nimempigia Salima nimweleze. Hakupokea.

Jumamosi, tarehe 8
Nimepanda peke yangu! Kutoka daraja mpaka juu. Pole pole kabisa, hata kuku amenipita. Lakini sikusimama. Pale juu nimelia, nikapangusa uso kwa mkono wenye grisi, nikafika nyumbani mweusi kama sufuria.

Hakuna aliyeniona.

Jumatano, tarehe 12
Kila siku napanda mwenyewe. Cheni imetulia, haipigi hata kelele. Bamaman bananipita. "Salama, Zuhura?" "Salama." Bamekwisha kufika kona. Nani atamngoja muntu asiyehitaji kusukumwa?

Maman Furaha naye ananipita na bidon lake kichwani. Ananisalimia kwa adabu, kama unavyomsalimia mke wa mwalimu. Siku hizi sijui hata kama lile jino limeng'olewa.

Mlima nimeushinda na sina wa kumwambia. Salima alipiga jana, tukaongea kidogo, mpunga wao unavunwa, akaitwa, akakata. Nimekaa na baiskeli sebuleni, tunaangaliana. Nikachukua spana. Nikafikiria kurudisha gia ya zamani, nishindwe tena, aje muntu. Nimejionea haya. Nimeweka spana chini.

Upweke huu ni mbaya. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ulivyo.

Ijumaa, tarehe 14
Nimemngoja Maman Furaha darajani wakati wa kurudi. Maneno nilikuwa nayarudia kichwani toka asubuhi. Kuomba kumenitoa jasho kuliko kupanda.

Nikamwambia siku ile niliyosema asinishike muntu nilikosa, anisamehe. Nikamwambia: "Leta bidon yako hapa, miye nitaibeba. Weye tembea na miye."

Akaangalia gia. Akaniangalia mimi. "Iko na nguvu?"

"Iko."

Nikalifunga bidon nyuma ya kiti kwa mpira. Lilikuwa zito, tulisimama mara mbili nipumzishe mikono, na mara zote mbili alisimama pamoja nami. Hakunisukuma. Alitembea pembeni, mikono mitupu, anaongea njia nzima, na mimi nikamjibu.

Bamaman bengine bote balitupita. Tumefika soko la Kamembe tumechelewa, yeye na mimi.