Mwai na Funguo ya Zizi la Mama

Beth wee! Mwai ametuaibisha mbele ya kanisa yote. Huyo huyo ndugu yangu, na tai yake.

Si leo mwanasaikolojia amekuja hapa Mukurweini kutufunza kutunza wazazi wazee? Mwai akasimama, ati yeye amempumzisha mama! Ameandika mtu wa kukamua, amefunga zizi, na funguo anatembea nayo. Hasemi vile ng'ombe inamnyima huyo mgeni maziwa.

Kisha akauliza, "Daktari, huyu mzee wetu siku hizi amenyamaza, na anasahau. Tumpe dawa gani?"

Na mama ameketi hapo hapo kando yake, Beth!

Daktari akamwinamia mama. "Mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Funguo ya ng'ombe yangu."

Kanisa ikacheka mpaka pasta. Daktari akamwambia Mwai, mzee ukimnyang'anya kazi aliyoizoea, unamzeesha zaidi. Bwana mkubwa Mwai akaandika kwa daftari. Yote! Akapiga na mstari chini.

Hatujafika hata kwa geti, anamwambia mama, "Si umesikia daktari? Wewe ni kupumzika tu."

Mama akanigeukia: "Anayesahau ni huyu. Mrudishe ndani, daktari bado hajaondoka."