Fingo la Kazungu na Mashine ya Memsabu

Jumatatu, 5 Machi 1956

Mayai, mkate wa kuchoma, chai. Bwana DO hakula kiini. Kazungu muosha vyombo amevunja kikombe kingine, nimempiga mwiko wa mgongo. Mtu mzima, baba wa watoto, mikono bado kama ya nyani. Akacheka. Anapocheka ndipo anaponiudhi zaidi.

Lori la Malindi limefika Garsen na sanduku la Memsabu. Mashine ya kuoshea vyombo, ajabu! Nyeupe, mlango mbele kama kabati, yaenda kwa jenereta. Memsabu asema itawashwa Jumatano mbele ya wageni, kisha Kazungu arudi kwao Idsowe. Kwao wapi? Shamba lake mto umelimeza. Mkewe na wanawe wanakula ukoko wa sufuria zangu. Nimefurahi. Nasema kweli, nimefurahi.

Jioni mjusi kafiri mlangoni pa mashine, karibu na komeo. Nimemlamba ndara. Mkia ukabaki unachezacheza, mwenyewe akajipenyeza tundu la komeo. Kumuua ni thawabu; thawabu nusu si haba.

Jumatano, 7 Machi

Aibu tupu. Memsabu kabonyeza. Kimya. Kabonyeza tena. Taa zawaka, jenereta yanguruma, mashine maiti. Bwana kachomoa plagi, kairudisha. Kabadilisha fyuzi. Kaupapasa waya wote hadi ukutani. Kaufungua mlango, kaubamiza. Wapi! Wageni wakawa wanatazama viatu vyao.

Kazungu kaosha sahani zote kwa majivu, huku akiimba. Nilitamani kumzamisha kwenye karai.

Ijumaa, 9 Machi

Kazungu kashikwa na wazimu. Huko kivukoni awaambia watu kwamba amezika fingo la babu yake, ile dawa ya kuzikwa ya ulinzi, chini ya kizingiti cha jikoni, na mashine haitaamka mpaka atake yeye. Muongo! Huyu hajazika hata mbegu ya boga. Lakini Wagiriama wenzake wampa tembo la mnazi bure, na Waorma na ng'ombe wao wampisha njia. Hata mimi leo kizingiti nimekiruka. Lahaula.

Nikamwambia, "Funga mdomo, mjinga we. Utajiponza."

"Mzee Shee, si waona wananiamkia? Tangu nizaliwe hakuna aliyenipisha njia."

Nimemtemea mate miguuni. Namchukia mtu anayefurahi kwa kitu kidogo.

Jumapili, 11 Machi

Maneno yamemfikia Bwana. Nimeyafikisha mimi, pamoja na chai ya asubuhi.

Askari wamechimba kizingiti. Udongo, na mfupa wa kuku. Mfupa ulitosha. Viboko, uani, mbele yetu sote. Kazungu akasema hana fingo, wakamchapa kwa uongo. Akasema analo, wakamchapa kwa fingo. Kadzo mkewe alikuwa amesimama na bakuli lake la ukoko, hajui aliweke wapi. Nilitazama hadi mwisho. Kazungu leo analala lokapu.

Jikoni kwanuka. Memsabu kaziba pua. Watu wasema ni fingo linaoza.

Jumatatu, 12 Machi

Sisimizi. Mstari mmoja, kutoka dirishani mpaka kwenye komeo la mashine. Mwili ukanisisimka kabla akili haijafika.

Nimetia kijiti cha mshikaki tunduni, nikavuta. Mjusi wangu. Hana mkia. Alikuwa amebanwa nyuma ya kijichuma ambacho mlango hukisukuma ukifungwa, ndipo umeme upite. Jenereta ilipowashwa nimefunga mlango, nimebonyeza. Ikanguruma. Nikaizima upesi, kama niliyeshika cha watu.

Nimesimama na mjusi kiganjani. Kumpeleka kwa Bwana ni kumpelekea na ndara yangu iliyomkimbiza tunduni. Na ni kusema pia Kazungu kachapwa bure, na aliyemchongea ni nani. Jiko hili nimezeekea humu. Nimemtupa mjusi motoni. Wali wa jioni umeungua.

Jumanne, 13 Machi

Memsabu kajaribu tena, imewaka. Kapiga makofi kama mtoto. Bwana asema kiboko ndicho fundi wa nchi hii. Nikacheka pamoja nao. Kicheko changu kilitoka vizuri tu.

Kazungu katolewa lokapu, kaambiwa jua lisitue yumo Garsen. Akapita mlango wa nyuma, shati limegandana na mgongo. Nilidhani atanitukana. Nilitaka anitukane.

"Imewaka?"

Nikasema imewaka.

"Ni mimi nimeiachilia, Mzee Shee. Nilimwomba babu. Mwambie Bwana nimeiachilia kwa hiari yangu, huenda akanirudisha."

Macho yake yalikuwa ya mtu asemaye kweli. Nimemwambia nitamwambia. Akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Sikumwambia Bwana.

Alhamisi, 15 Machi

Mashine yaosha. Sufuria zenye masizi haziwezi, naziosha mwenyewe kwa majivu. Kucha zimekuwa nyeusi.

Wali leo. Ukoko mnene, mwekundu, wa kupendeza. Nimeuweka mlango wa nyuma mpaka ukapoa. Hakuja mtu na bakuli. Nimewamwagia kuku.

Mjusi ukutani, juu ya mashine. Nimevua ndara. Nimeivaa tena.