Jina Lako la Urugo Nimelikatalia Bei Mara Mbili

Nyakisasa,
Ngara, Kagera.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa Kaka Ndizeye,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la ghalani kimekwisha. Je, unakula vizuri? Mama anauliza kama huko Masasi ndizi za kupika zinapatikana au bado unakula ugali siku saba kwa juma. Ameniambia niandike swali hilo kabla ya mengine yote, nami nimetii.

Sisi hatujambo. Mvua zimeanza vizuri na maharage yameshachomoza. Mgongo wa baba umepata nafuu, na wiki hii yuko Kanazi kwa Mzee Bartholomayo, wanaezeka nyumba mpya. Mimi bado nasubiri majina ya kidato cha tano. Kila anayepita njiani ananiuliza, "Umechaguliwa wapi?" Namjibu kwamba majina hayajatoka, halafu naingia ndani.

Kaka, ndani ya bahasha hii utaona karatasi mbili zilizopigwa chapa. Ni makubaliano ya kuuza jina lako la tovuti, lile la urugo nukta co nukta tz. Zinahitaji sahihi yako, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Sababu nyingine ni kwamba kwenye simu mimi nasema maneno matatu halafu nanyamaza, na leo nina mambo ya kukiri.

Uliniachia kazi hii kwa sababu mchana ghalani hamruhusiwi kushika simu, ukaweka namba yangu kwenye ule ukurasa unaosema jina linauzwa. Uliniambia, "Anneth, atakayetokea, mpe. Bei yoyote. Nimechoka kulilipia kila mwaka." Ukanieleza pia habari ya fremu ya duka huko Masasi: kwamba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, yaani laki sita, kabla ya mwisho wa Machi, na kwamba ukiikosa utaachana na mambo ya kutengeneza simu, urudi nyumbani kulima. Nayaandika tena ili ujue kwamba niliyasikia vizuri. Sikukutii, lakini nilisikia.

Mnunuzi alipiga simu mwezi uliopita, nikiwa nachambua mbegu za maharage. Anaitwa Salum, ametoka Tanga mwaka jana tu, na anamfanyia kazi shangazi yake, Bi Kuluthumu, mwenye duka la vyombo mjini Biharamulo. Anauza sufuria, ndoo, mapazia na magodoro. Wateja wake wengi ni akina mama wa Nyamahanga na wengine kutoka huku kwetu, na wao ndio waliolipatia duka lile jina la Urugo, yaani boma kwa lugha yetu, kwa kuwa humo mna kila kitu cha nyumbani. Bi Kuluthumu akalipenda, akaliandika juu ya mlango. Sasa wanataka kuuza kwa mtandao, na walipotafuta wakakuta jina limeshachukuliwa na mtu wa Ngara.

Unanijua, kaka. Simu ya mgeni inanipoteza. Nikafanya kama anavyofanya mama wenye malori ya ndizi wanapokuja. Yeye hataji bei, anaanza kwa kuwakaribisha. Nikamuuliza Salum habari za asubuhi, za kazi, za shangazi yake, za mvua za Biharamulo, za watoto kama anao. Akajibu zote mpaka mwisho, halafu akasema, "Dada yangu, mimi nimepiga kununua jina. Sijapiga kuposa."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Salum akataja laki moja na nusu. Nilitaka kumwambia kwa heshima kwamba naomba nafasi nifikirie. Lakini hofu ikanirudisha kwenye lugha ya nyumbani, nikasema, "Oya."

Kwetu mtoto wa miaka miwili anajua kwamba hiyo ni hapana. Salum anaijua oya ile ya vijana wa mjini wanapoitana. Akauliza, "Unamwita nani hapo? Kuna mteja mwingine amekuja?" Kabla sijajibu, kuku akapanda juu ya mbegu zangu, na mama akampigia kelele, "Wewe! Toka hapo, hupewi kitu!"

"Basi, basi," Salum akasema haraka. "Laki nne. Msimpe huyo."

Nikamwambia nitampigia, nikakata simu. Mama akanitazama akasema, "Umeongeza laki mbili na nusu kwa neno moja. Ungesema mawili?"

Kaka, sikuweza kuipokea ile bei. Mtu alikuwa anashindana na kuku bila kujua. Kesho yake nikamwandikia ujumbe, nao ninao bado kwenye simu: "Kaka Salum, habari za leo. Hakuna mteja mwingine. Oya kwa lugha yetu ni hapana. Aliyefukuzwa ni kuku. Laki nne uliitaja kwa kutoelewa, kwa hiyo sikushikii neno. Ila kwa laki moja na nusu siwezi kukupa jina la kaka yangu. Samahani kwa usumbufu." Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyokataa.

Hakujibu. Siku ya pili hakujibu, siku ya tatu hakujibu. Nilipomweleza mama nilichokiandika, akasema, "Kusema ukweli umefanya vizuri. Lakini ilikuwa lazima umtaje na kuku?"

Siku ya sita wewe ukaniandikia ukiuliza kama kuna mtu ametokea. Nikakujibu, "Tunaongea naye." Nisamehe, kaka. Siku ile sikuwa naongea na mtu yeyote. Nilikuwa nachota maji na kutazama simu.

Nilitaka kumpigia Salum nimwambie achukue tu. Mama akaninyang'anya simu, akaiweka kwenye kapu la unga. "Juzi nimeliacha lori la yule mtu wa Kahama likaondoka bila ndizi zangu," akasema. "Lilifika wapi? Darajani. Likarudi. Ningelikimbilia ningeuza kwa bei yake." Nikamwambia kwamba ndizi zinaonekana kwa macho, jina la mtandao halionekani. Akasema, "Kama halionekani, yeye amelionaje?"

Basi nikachukua daftari langu la zamani la Jiografia, kwenye kurasa tupu za nyuma, nikaandika sababu zinazofanya jina hili listahili bei nzuri. Niliandika kwamba ni neno moja tu na lina herufi tano. Kwamba mtu wa Ngara analielewa bila kuelezwa, na hata aliyeko ng'ambo, Burundi au Rwanda, analielewa. Kwamba umelilipia miaka minne bila kuruka hata mmoja. Niliandika pia kwamba Bi Kuluthumu tayari amelipaka rangi juu ya mlango wake, hivyo hawezi kuliacha. Hiyo nikaifuta, kwa sababu niliona ni kama kumshika mtu shingo.

Siku ya kumi simu ikalia. "Dada wa kuku, hujambo?" alikuwa Salum. Akasema shangazi yake aliusoma ujumbe wangu, akacheka, akaupeleka kwa wateja dukani nao wakacheka. Ndipo akasema, "Laki nne, na safari hii nimeitaja nikiwa na akili zangu zote."

Safari hii nilisema hapana kwa Kiswahili. Nikafungua daftari nikamsomea sababu zote, moja baada ya nyingine, kama tulivyokuwa tunasoma risala siku ya mahafali. Mwishoni nikataja milioni moja na laki mbili. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama inatoka kwa mtu mwingine.

"Milioni?" Salum akasema. "Kwa hicho kisauti?"

Nikalifungua daftari upya nimsomee tena, lakini nikasikia simu inapokezwa mtu mwingine.

"Shikamoo bibi," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Mimi ndiye Kuluthumu. Niambie, kaka yako jina hili alilitakia nini?"

Nikamweleza. Kwamba ulitaka akina mama wa huku wauze mikeka na vikapu vyao bila kusubiri mtu wa kupita. Kwamba ulipolilipia mara ya kwanza sisi hapa nyumbani tulicheka, tukasema Ndizeye amenunua jina na la ubatizo analo. Kwamba hukutujibu, ukaendelea kulilipia hata ulipohamia mbali. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Niliposema habari ya kucheka, akainamisha kichwa akaanza kuokota punje ambazo hazikuwapo.

Bi Kuluthumu akasema, "Sikujua kama lilikuwa na mwenyewe wa namna hiyo." Kisha akarudi kwenye biashara. "Laki tisa. Juu ya hapo utaniuzia na duka langu mwenyewe." Nikaomba dakika moja, nikamtazama mama, mama akatikisa kichwa kukubali. Nikasema, "Tumekubaliana, bibi, kaka akikubali."

Ameahidi kusubiri mpaka tarehe ishirini na tano. Ukitia sahihi, piga picha karatasi umtumie Salum, naye atakutumia nusu siku hiyo hiyo. Nusu ya pili ataituma jina likishahamia kwake. Ile namba ya siri ya kuhamisha jina itakuja kwenye barua pepe yako. Nakuomba usiitoe kabla ya kupata nusu ya kwanza. Salum nimemwambia hivyo waziwazi, akasema, "Sawa, mwanasheria." Nilipoweka alama ya penseli ndipo sahihi inapokaa.

Sasa naandika lile ninaloogopa. Mama hataliona, kwa sababu bahasha nitaifunga mwenyewe.

Salum alipotaja laki moja na nusu ile siku ya kwanza, wazo langu la kwanza halikuwa kwamba ni ndogo. Niliwaza kwamba haitoshi fremu, kwa hiyo kaka atarudi. Nilifurahi, kaka. Nilikuona kabisa ukishuka na begi lako la bluu, baba akikusogezea kiti. Siku zile Salum alipokuwa kimya, kuna Jumanne moja niliomba kabisa asipige tena. Niliomba kwa magoti, na sijui padri angesema nini.

Kisha nikakumbuka ile siku ulipofungua simu ya mwalimu wangu pale mezani. Ulinionyesha kila kidude na kazi yake, chai yako ikapoa, na mama alikuita mara tatu hukusikia. Halafu nikakumbuka sauti yako ulipokuwa unasema "bei yoyote". Sauti hiyo na ile ya mezani zilikuwa za watu wawili, na huyu wa pili, aliyekata tamaa, sikutaka arudi nyumbani. Ndipo nikalichukua daftari.

Kwa hiyo ujue kwamba nilipokuwa namsomea Salum ile orodha, nilijua ninachofanya. Kila laki niliyoiongeza ilikuwa inakuweka mbali na sisi. Niliiongeza hivyo hivyo.

Tia sahihi, kaka. Lipia fremu yako. Ukishaweka meza, nitumie picha nione dirisha limetazama wapi.

Mama anakusalimu sana na anasema usivae viatu vilivyolowa. Baba akirudi kutoka Kanazi nitamsomea sehemu zinazomhusu. Clarisse wa jirani amejifungua mtoto wa kike, anakusalimu, na Bibi Anjelika anasema amekuombea kwa jina asubuhi hii kanisani, kwa sauti, mpaka watu wakageuka. Msalimie na mwenzako wa ghalani, yule Shibuda anayekuachia nusu ya chai yake.

Mungu akulinde kazini, aibariki mikono yako kwa kila simu itakayowekwa mbele yako, na akupe watu wema kama wa nyumbani.

Mdogo wako akupendaye, hata kwa mbali huko,

Anneth