Moshi wa Pili wa Baba

Kagure, hutaamini! Ndio tumetoka kwa daktari na baba.

Daktari akamuuliza kama amewahi kuvuta sigara. Mama akadakia: "Huyu? Mzee wa kanisa? Ni moshi ya makaa tu, amekuwa akiyachoma huku Emali tangu sabini na mbili."

Daktari akaeleza kwamba moshi hula mapafu polepole, kama kutu inavyokula mabati. Mwili una kinga ya kuzuia hiyo kutu, lakini moshi wa kila siku huichosha.

Baba akawa anazungusha tu kofia. Halafu, Kagure, HALAFU: "Daktari, na kama moshi ilikuwa mbili?"

MBILI! Miaka ishirini mzee alikuwa anavutia sigara nyuma ya tanuri, ndio harufu ya makaa ifunike ile ingine!

Tukamgeukia mama tukidhani atazimia. Wapi!

"Nilijua kitambo," akasema. "Kwani nikikuletea chai nilikuwa nakohoa nikiwa mbali ya nini? Nilikuwa nakupea nafasi ya kuzima."

Baba akacheka mpaka kikohozi kikamshika, kikakataa kumwachilia. Mama akamsugua mgongo.

"Polepole, Baba Mumbua. Leo hakuna mtu anakuja na chai."