Umeacha Vidonge

Mume wangu mdogo,

Kuku wametotoa, na goti langu bado linaninyima usingizi. Anayeniandikia ni shangazi yako.

Ameniambia umeacha dawa, eti kliniki wamesema virusi havionekani kwenye damu. Mjinga wewe! Panya wa darini kwangu simwoni, na unga anakula. Nesi wa hapa anasema dawa ndiyo imevibana. Ukiiacha vitaamka, ukimwi ukuingie.

Mama yako naye alijiona mzima, akaacha. Maiti yake niliiosha mimi. Naogopa mno, mjukuu wangu; yako sitaiweza.

Kesho rudi kliniki, waambie ukweli, umeze. Wakikugombeza, wajibu kwamba una bibi mkali kuliko wao.

Bibi yako, anayetaka uje umzike yeye.