Mume Wangu Alichomoa Friji ya Chanjo Achaji Pikipiki

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatano, maana Jumatano wageni wa kaunti wanakuja kumsikiliza mume wangu akiwaeleza kwamba kisiwa chetu kiko tayari kwa pikipiki za stima, na mimi ninajua kitu ambacho hakuna mwingine anayekijua, nikikisema nimeivunja nyumba yangu na nikikinyamazia sijui nitawatazamaje akina mama. Ukichapisha haya naomba ubadilishe majina yetu.

Mimi ni nesi, mtu wa bara, kazi ndiyo iliyonileta kisiwa cha Pate, kwenye zahanati iliyo karibu na Kizingitini, na nyumba tunayokaa iko ndani ya ua huohuo wa zahanati, natoka mlango huu naingia ule. Mume wangu, muite Patroba, alinifuata huku na binti yetu Michelle akakaa bila kazi, na mwanamume asiye na kazi mahali ambapo kila mtu amezaliwa akijua bahari na yeye hajui hata kuogelea, Mshauri, we acha tu, alikuwa ananyong'onyea machoni pangu. Basi alipopata pikipiki ya stima akaileta kwa mashua kutoka Mokowe, watu walijaa gatini kuicheka, na Bwana Gharib, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya zahanati, alisema, "Haina sauti hata kidogo, hii ni pikipiki au ni paka?" Lakini hawakucheka sana, kwa sababu petroli huku huja kwa madumu na bahari ikichafuka haiji, bodaboda zote zinalala, ni Patroba peke yake anayepita akibeba samaki na wagonjwa na watoto wa shule, na mimi nilifurahi, nakuambia kweli, nilimpata tena mume niliyemjua.

Tulikuwa tunachaji nyumbani. Kisha mtambo wa stima wa kijiji ukaharibika, tukaambiwa kipuri kinakuja, masika yakaingia, kipuri hakikuja, kijiji kizima kikarudi kwenye tochi. Zahanati pekee ilibaki na mwanga kwa sababu ina sola yake na betri zake, na hiyo sola kazi yake ya kwanza ni friji ya chanjo. Ajabu ni kwamba pikipiki ya Patroba haikusimama. Nikamuuliza anachaji wapi, akasema kuna mnunuzi wa samaki Kizingitini mwenye jenereta, nikaamini, kwa nini nisiamini, ni mume wangu.

Wiki iliyopita, Alhamisi, nilimaliza kliniki ya watoto nikapanda mashua kwenda Amu, mji wa Lamu, kwa mafunzo, nikitarajiwa Jumapili, lakini mafunzo yakaisha mapema nikarudi Jumamosi adhuhuri. Nyumbani hakukuwa na mtu, nikaingia zahanati kuweka vitu vya kazi nilivyopewa, na hapo nikaona waya wa friji umechomolewa uko sakafuni, na kwenye soketi yake kumechomekwa waya mwingine, mrefu, wa rangi ya machungwa, umepitishwa dirishani. Niliufuata kwa macho mpaka uani. Mwisho wake ulikuwa kwenye pikipiki.

Nikafungua friji, na hewa iliyonipiga usoni, Mshauri, ilikuwa ya joto kama ya kabati la nguo. Nikatoa chupa za matone ya polio. Chupa hizo zina alama, kimraba cheupe ndani ya duara la rangi iliyokoza, joto likizidi kimraba kinakoza polepole, na kikishalingana na duara dawa hiyo haifai tena, ni ya kutupwa. Alhamisi asubuhi nilikitazama nikakiona kimeanza kuwa kijivu, nikajiambia bado, nikawapa watoto. Jumamosi kilikuwa cheusi ti. Nilikaa sakafuni na ile chupa mkononi.

Patroba akaingia akicheka, "Mama Michelle! Si ulisema Jumapili?"

Nikamuuliza, "Baba Michelle, waya huu ni wa nani?"

"Ni leo tu."

"Leo tu?"

Akasema, "Na Jumamosi nyingine. Na Jumapili. Na siku mojamoja ukienda vijijini. Lakini si huwa narudisha jioni? Friji ni kama sufuria, ukifunika inakaa na baridi yake." Nilipomwonyesha ile alama alishtuka, niliona rangi ikimtoka, lakini badala ya kuomba msamaha akaanza kunipandishia sauti, "Nchi hii tukingoja iwe tayari tutazeeka tukingoja! Stima yote hiyo inapoza vichupa, na mimi ninabeba watu wazima wanaokufa!"

Hata sijamjibu, Bwana Gharib akaingia mbio uani, hana kofia, ananiita nije kwa ukelele, "Bi Nesi, ndoo hima! Mkaza mwanangu afa, damu haikomi!" Rumaisa, mke wa mwanawe, alikuwa amejifungulia nyumbani asubuhi ile. Bodaboda za petroli zilikuwa zimelala. Mshauri, unajua tulifanya nini? Patroba aliuchomoa ule waya wa machungwa, tukaenda, nikampa Rumaisa dawa niliyokuwa nayo, tukamweka katikati yangu na Patroba, nikamkumbatia njia nzima mpaka hospitali ya Faza, nguo zangu zimelowa damu, na pikipiki ile haikusimama njiani hata mara moja. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungempoteza. Rumaisa yuko hai, mtoto yuko hai, na chaji iliyowaokoa ni ileile iliyoharibu chanjo.

Sasa Patroba ni shujaa. Msikitini ameombewa dua, yeye Mkristo. Bwana Gharib amewapigia simu wakubwa wa kaunti waje Jumatano wamsikilize, kamati inataka iletewe pikipiki kama ile kwa ajili ya wagonjwa. Mimi niliurudisha waya wa friji, chupa bado zimo ndani, sijamwambia mtu. Patroba amenipigia magoti, anasema, "Sisi ni wageni hapa, wakijua watanichoma pamoja na pikipiki," na mimi namwonea huruma, halafu nikimtazama anavyokula namchukia, halafu nakumbuka uso wa Rumaisa namshukuru, kichwa changu hakitulii. Nimshtaki mume wangu? Na hii nchi iko tayari kwa vitu hivi, au ni sisi tuliokurupuka? Nijibu haraka.

Nesi asiyepata usingizi,
Kisiwa cha Pate

* * *

Bi Jeruto, nimekupa jina hilo, na wengine wote nimewabadili majina kama ulivyoomba.

Barua pepe yako ilinifikia Jumatatu, na sikungoja siku ya gazeti. Nilisoma mpaka pale ulipofungua friji, nikaacha kusoma, nikapiga nambari uliyoiandika chini. Wasomaji wataniwia radhi, jambo lenye watoto ndani yake halingojei ukurasa.

Nilianza kwa kukupa pole, na pole hiyo ilikuwa ya kweli. Kumkuta mume wako ndani ya uongo na saa hiyohiyo kumpakata mgonjwa nyuma ya mgongo wa mume huyohuyo ni mtihani ambao sijawahi kuusikia. Kisha nikakukaripia, na sijutii. Kutoka Jumamosi mpaka Jumatatu chupa zile zilikuwa bado zimo ndani ya friji? Ulikuwa ukingoja nini, zipone? Ulisoma unesi ukajua maana ya kimraba kile, na kijivu cha Alhamisi ulikiona kwa macho yako. Kanuni ilikuruhusu kuendelea, sawa, lakini rangi ilikuwa inakuambia kuna kitu kibaya kinaendelea, na hukuuliza.

Nikakuambia: kata simu hii uzitoe chupa zote, uziweke kando, uziandikie zisitumike. Kisha wapigie wenye dhamana ya chanjo kwenye kaunti saa hiihii, uwaambie tangu stima ya kijiji ilipoharibika, usiwaambie tangu Jumamosi. Wao ndio watakaosema watoto gani warudie, wewe usikisie. Kurudia chanjo kwa maelekezo yao si balaa. Balaa ni mama kulala akiamini mwanawe ana kinga, kumbe hana.

Na Patroba? Nikakuambia usimsemee. Zahanati ni jukumu lako, hilo ripoti leo. Waya ni wake, atausema mwenyewe Jumatano mbele ya watu wanaomshangilia. Ulilia, ukaniambia, "Mshauri, watatufukuza." Nikakujibu, "Huenda."

Jumatano jioni ulinipigia, na kwa ruhusa yako nayasimulia.

Ulikuwa umesharipoti, na dawa nyingine ilikuwa njiani kwenye masanduku ya baridi, lakini kijiji kilikuwa hakijajua. Patroba alikuwa hajakuambia kama atasema au hatasema. Watu walikaa uani mwa zahanati, wageni wakapewa viti vya mbele, Bwana Gharib akasimama akamsifu mpaka akatokwa na machozi. Watu wakaanza kupiga makofi. Patroba akainua mkono.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Stima ya safari ile niliiiba kwenye friji ya watoto wenu. Si siku moja. Bi Nesi hakujua, nilimdanganya. Dawa imeharibika."

Mama mmoja kijana, Radhiya, akainuka nyuma na mtoto begani, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Wangu alitiwa matone Alhamisi. Ni yapi aliyotiwa?" Ukamjibu hujui. Akaondoka. Akina mama wengine wakamfuata mmojammoja.

Bwana Gharib alimsogelea Patroba mpaka wewe ukadhani atampiga. Akasema, "Umenirejeshea mkaza mwanangu, nami nitakushukuru hata kufa. Na sasa niondokea mbele ya mato yangu." Mgeni mmoja wa kaunti, kijana, akaanza kukusanya vitu vyake akisema, "Basi, mwenyekiti, ni wazi hapa hamko tayari kwa pikipiki za umeme." Mzee akamgeukia kwa ukali ambao hakuwa ameutumia kwa Patroba.

"Ketini, Bwana. Nani hako tayari? Sisi twangoja kipuri tangu kabla ya mvua. Msituletee pikipiki. Leteni stima kwanda. Pikipiki tutanunua wenyewe."

Kijana akaketi.

Sasa nikujibu uliloniuliza, kama nchi iko tayari. Mimi si mhandisi. Najua kwamba pikipiki ile ilimfikisha mwanamke hospitali siku ambayo petroli haikuwapo, na hasira isikusahaulishe hilo. Lakini palipo na soketi moja tu inayofanya kazi, hakuna stima ya ziada. Anayechomeka chake hapo amechomoa cha mwingine, na mara nyingi hataona ni cha nani. Hilo Patroba alitakiwa alijue hata kama hakusomea unesi, na wakubwa wanaonunua vyombo vya kisasa kabla ya vipuri vya mtambo walijue pia.

Kuhusu ndoa yako. Uliniambia umeitwa Amu kujieleza. Nenda, useme yote, usipunguze hata kile kijivu cha Alhamisi. Pikipiki ikae mpaka stima ya kijiji irudi, na kama itachukua mwaka, ikae mwaka. Ufunguo wa zahanati usilale nyumbani kwenu tena, mpe Bwana Gharib, hata kama hakusalimii. Patroba amekosa kwa waya, lakini amekosa kwako kwa ile jenereta ya uongo, na haya ni makosa mawili. Asikuombe msamaha mmoja. Kumfukuza sikushauri. Mtu aliyeweza kusema vile mbele ya makofi bado ana kitu cha kukaa naye. Lakini asirudi kuwa shujaa kwa haraka, na wewe usimsaidie kurudi.

Kubwa zaidi ni hili. Umenipigia tena ukanieleza kwamba Alhamisi, siku iliyofuata mkutano, akina mama wengi walirudi, wakasubiri kimya, watoto wao wakapewa dawa mpya, na wao hawakukutazama usoni. Radhiya hakuja. Umesikia anasema hatamleta tena mtoto wake kwenye sindano wala matone, na jirani zake wawili wanaanza kusema kama yeye. Hapo, Bi Jeruto, ndipo penye hatari kuliko friji, kwa sababu friji imeshapata baridi.

Usitume mtu. Usiitishe mkutano. Nenda kwake leo, kwa miguu, na Patroba aende nawe, asimame nje kwa adabu mpaka aitwe. Ukifunguliwa usianze na habari za betri na sola. Muulize mtoto ameamkaje. Kisha useme umekosa, na kwamba unaomba amlete. Akikataa, mshukuru, rudini nyumbani, kesho mwende tena. Akikataa kesho, mwende keshokutwa.